Gari linalozaa oili

Mama mmoja wa Bombo ameniandikia hivi:

"Fundi, salaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Bombo. Nimeona Mazda CX-5 ya dizeli ya mwaka 2014 kwenye bondi moja ya magari ya kuuza pale Nakawa na moyo umeipenda. Kila siku nawapeleka watoto shule, kilomita mbili kutoka nyumbani, halafu nakwenda dukani kwangu, hapahapa mjini. Jumamosi nakwenda Kampala, Kikuubo, kuchukua mali. Mara mbili kwa mwaka tunakwenda Arua kwa wakwe. Shemeji yangu anasema dizeli inabana mafuta na ina nguvu. Fundi wangu naye anasema nikilinunua tu, kabla ya yote tutoe lile chujio la kwenye eksozi, eti ndilo linaloua magari haya. Nimsikilize nani?"

Aleikum salaam, mama. Shemeji yako amesema nusu ya kweli. Fundi wako amesema robo. Robo iliyobaki umeiandika mwenyewe, pengine bila kuitilia maanani: kilomita mbili hadi shule.

Kuna bwana aliyewahi kuniletea CX-5 ya dizeli kama hiyo unayoitamani, uso umejaa furaha. "Fundi," akaniambia, "hili gari haliniombi oili hata siku moja. Tangu nilinunue sijaongeza hata kikombe, na kila nikichomoa kijiti naona imepanda." Nikakichomoa. Kijiti cha gari hili kina alama tatu: L chini, F juu yake, na juu kabisa X. Oili yake ilikuwa imeshaipita X. Nikaisugua kati ya vidole, ikateleza kama maji. Nikainusa, ikanuka kituo cha mafuta. Kweli gari lilikuwa linazaa oili, na mtoto mwenyewe alikuwa dizeli. Yule bwana alikuwa akiishi Ntinda na ofisi yake iko Naguru. Safari yake ya siku nzima, kwenda na kurudi, haikufika kilomita kumi, na nyingi kati ya hizo alikuwa amesimama kwenye foleni.

Dizeli ya zamani, ile ya pikapu na Pajero za miaka ya tisini, ilitema moshi mweusi ukaenda zake, nasi tukaupumua. Hii ya kisasa haina ruhusa hiyo. Kwenye eksozi limewekwa chujio la kauri lenye vitundu vidogo mno, linanasa masizi kabla hayajatoka nje. Mafundi wanaliita DPF. Likikaribia kujaa, kompyuta ya gari inaamua kuyachoma. Inamwaga dizeli ya ziada kwenye silinda wakati mlipuko umeshakwisha, ili ikaungue huko mbele na kulipasha chujio hadi nyuzi 600 hivi. Masizi yanaungua, chujio linapumua tena. Kazi hiyo inataka dakika 15 hadi 20, injini ikiwa imeshapata moto na gari likiwa mwendoni. Mbio si lazima. Linalotakiwa ni kutosimama na kutozima.

Sasa itazame safari yako. Unawasha asubuhi injini ikiwa baridi, na injini baridi ndiyo inayotoa masizi mengi. Dakika sita umefika getini, unazima. Unawasha kwenda dukani, dakika tano, unazima. Mchana hivyohivyo. Chujio linajaa wiki nzima bila kupata nafasi ya kuchoma, na kompyuta ikijaribu, wewe unazima ikiwa katikati ya kazi. Ile dizeli ya ziada iliyokwisha kumwagwa inashuka ubavuni mwa pistoni, inapita kwenye ringi, inaingia kwenye oili. Kesho inajaribu tena, unazima tena. Hapo ndipo uzazi unapoanza. Oili ya namna hiyo ni nyepesi, haishiki chuma. Wa kwanza kulia ni tabo, ile pampu inayoisukumia injini hewa, wa pili ni beringi za krankshafti, na ikifika kwenye cheni ya taiming ujue msiba umekaribia.

Yule bwana tulimuwahi. Tulimwaga oili yote, tukalazimisha chujio lichome kwa mashine pale gereji, na baada ya miezi michache akaliuza kwa mtu anayekwenda Mbarara karibu kila wiki. Gari lile nimeliona tena, zima kabisa. Halikuwa bovu tangu mwanzo, lilikuwa kwa mtu asiye wake.

Dizeli ya kisasa hununuliwa kwa safari za Jumatatu, si kwa safari za Idi. Watu wengi hufanya kinyume: wanaifikiria ile barabara ndefu ya kwenda kwa wakwe, buti limejaa, watoto wanaimba nyuma, wanasahau kwamba gari litaishi siku 350 nyingine za mwaka likizunguka kati ya shule na duka. Ungekuwa unaishi Najjera au Bukoto na ratiba hii yako, ningekuandikia mstari mmoja tu: chukua ya petroli, achana na hii. Lakini wewe uko Bombo, na barabara kuu ya Gulu inapita mlangoni pako. Hiyo ni bahati ambayo wateja wangu wengi wa Kampala hawana, na ndiyo inayonifanya nikujibu kwa urefu.

Tuanze na Jumamosi, maana najua unahesabu kwamba safari ya Kikuubo itatosha. Ya kwenda haitoshi. Unatoka Bombo, injini inapata moto, unafika Matugga ukienda vizuri, na pale ambapo kompyuta ingeanza kuchoma ndipo unapoingia kwenye foleni ya Kawempe na Bwaise. Ukifika mjini unazima. Ya kurudi ndiyo yenye faida: injini ina moto tangu Bwaise, na ukishaiacha Matugga nyuma njia inafunguka. Ukiona dalili kwamba gari linachoma na umeshafika Bombo, usikate kona ya nyumbani. Pita. Nenda mpaka Wobulenzi, geuza, rudi. Ni nusu saa tu, na maziwa ya kesho unaweza kuyanunua hukohuko. Kama Jumamosi hukwenda Kampala, fanya mzunguko huo siku nyingine yoyote ya wiki, asubuhi mapema au jioni kabla giza halijaingia.

Dalili zenyewe hujifunzi kwa kitabu, unazizoea kama unavyozoea kilio cha mtoto wako. Silensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, inapanda kidogo. Ile i-stop, inayozima injini kwenye taa za barabarani, inagoma kuzima. Mlio unakuwa mzito zaidi, kipimo cha matumizi ya mafuta kinaonyesha gari limekuwa lafi ghafla, na ukishuka unasikia harufu ya chuma cha moto. Ukizima wakati huo feni inaendelea kuunguruma peke yake. Watu huniletea gari wakidhani feni imeharibika, kumbe gari linawaambia: umenikatiza nikiwa kazini. Na siku gari limetoka kuchoma, msiliegeshe juu ya nyasi kavu. Kule kwa wakwe mwezi wa Januari nyasi zinawaka kwa kidogo, na chini ya gari lako kuna jiko.

Taa ya chujio ikiwaka kwenye deshibodi bila kupepesa, gari linakuomba tu safari ya namna hiyo. Lipeleke barabarani siku hiyohiyo. Ikianza kupepesa, au taa ya injini ikiwaka pamoja nayo na nguvu ikapungua, safari haitasaidia tena. Nenda kwa fundi mwenye mashine ya kusomea kompyuta.

Sasa shemeji yako na habari ya kubana mafuta. Nimekupigia hesabu kwa maneno yako mwenyewe. Shule na duka, tuseme kilomita kumi kwa siku, siku tano, majuma 50: kilomita 2,500. Kikuubo kwenda na kurudi ni 70 hivi, mara 50: kilomita 3,500. Arua na kurudi ni kama 900, mara mbili: 1,800. Jumla 7,800 kwa mwaka. Wajapani waliipima CX-5 hii ya dizeli wakapata kilomita 18 na ushee kwa lita. Hizo ni za maabara, usizibebe mpaka Kawempe. Kwa mchanganyiko wako nakupa 13 kwa lita, na ndugu yake wa petroli nampa 10. Dizeli itakunywa lita 600, petroli lita 780. Tofauti ni lita 180. Bei za dizeli na petroli hapa kwetu hutembea karibu karibu, basi tuchukue shilingi 5,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi: umeokoa laki tisa kwa mwaka, yaani 75,000 kwa mwezi. Ni pesa, sikatai. Lakini nozeli moja mpya, kile kipua kinachonyunyizia dizeli kwenye silinda, ikihitajika inaimeza akiba yote hiyo, na injini hii ina nozeli nne. Mtu anayekwenda kilomita 30,000 kwa mwaka dizeli inamlipa. Wewe haikulipi kwa mafuta.

Kwa nguvu, shemeji namuunga mkono bila masharti. Injini hii ya lita 2.2 ina tabo mbili na inatoa msukumo wa Nm 420 ikiwa kwenye mizunguko 2,000 tu kwa dakika, msukumo ambao petroli ya lita mbili haiufikii hata nusu. Halafu kuna jambo ambalo watu wa pwani hawalijui: sisi tunaishi juu. Kampala iko mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini ya petroli isiyo na tabo inapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kabla hujapakia hata begi. Tabo inaisukuma hewa ndani kwa nguvu, haijali sana. Utalijua hilo siku umekwama nyuma ya trela linalokwenda Elegu, mbele yako kuna nafasi fupi ya kulipita na nyuma umebeba familia. Unakanyaga, gari linakwenda. Na tangi la lita 58, kama ni ya kuvuta magurudumu manne, litakutoa Bombo likufikishe Arua, ukiwa umepita Karuma na Pakwach bila kugusa kituo, na mshale bado uko karibu na nusu.

Tuje kwa fundi wako na chujio lake. Hakosei anaposema chujio ndilo linalosumbua. Anachokosea ni dawa. Nimeshuhudia inavyofanyika: eksozi inakatwa, kauri inapondwa kwa nondo na kumwagwa, bomba linachomelewa upya, mwenye gari analipa na kushukuru. Tatizo ni kwamba kompyuta hakuna aliyeiambia. Inaendelea kuamini chujio lipo, na kwa ratiba yake inaendelea kumwaga dizeli ya ziada ili kuchoma kitu ambacho hakipo. Gari linazidi kuzaa. Hapo anaitwa kijana mwenye laptopu aje "kuifuta" kwenye kompyuta, na sasa uhai wa injini yako uko mikononi mwa faili aliyoipata mtandaoni, iliyoandikwa na mtu asiyeijua gari yako. Wako wanaoijua kazi hiyo, lakini ni wachache kuliko wanaosema wanaijua.

Na hata ikifanywa kwa ustadi, moshi unabaki. Yale masizi yaliyokuwa yakinaswa yanatoka sasa, na watu wa kwanza kuyapumua ni watoto waliosimama getini kusubiri uwafungulie mlango. Chuo Kikuu cha Makerere kina mradi uitwao AirQo, wanapima hewa kwa vipimo vidogo walivyovitundika mitaani, vingine walivipandisha hata kwenye bodaboda. Fungua vipimo vyao asubuhi ya foleni uone tunavuta nini. Sisi mafundi tuna sehemu yetu katika jambo hilo, tusijifanye wageni.

Chujio lililojaa halina haja ya kutupwa. Masizi huchomwa, na yanayobaki ni majivu. Majivu hayaungui, yanajikusanya taratibu kwa miaka, na gari la 2014 lililotembea Japan kilomita laki moja na zaidi litakuwa nayo ya kutosha. Dawa yake ni kulifungua chujio, kuliosha kwa maji na kemikali yake kutoka upande wa nyuma, kulikausha na kulirudisha. Ni kazi ya siku moja. Mwambie fundi wako, kama anataka kulitoa, alitoe kwa ajili hiyo na alirudishe.

Majivu yanatoka wapi? Kwenye oili, na hapa naomba unisikilize kuliko popote. Ukienda Kisekka au Ndeeba ukasema unataka oili ya dizeli, utapewa dumu la 15W-40 lenye maandishi CI-4. Ni oili nzuri sana kwa lori. Kwenye gari lako ni sumu ya polepole, kwa sababu ina madini mengi ambayo yakiungua yanageuka majivu na kuziba chujio moja kwa moja. Tafuta 5W-30 iliyoandikwa DL-1, ambayo ni kipimo cha Wajapani, au C3, ambacho ni cha Wazungu wa Ulaya. Kama dumu halina mojawapo ya maandishi hayo, liache hata kama picha ya gari iliyo juu yake inapendeza. Inaingia lita tano hivi. Fundi asijaze mpaka F. Aache nafasi, kwa sababu unajua sasa kwamba oili hii ina tabia ya kupanda. Badilisha kila kilomita 5,000 au kila miezi sita, lolote litakalotangulia, na kwako wewe itatangulia miezi. Kila Ijumaa chomoa kijiti. Kwenye magari mengine tunaogopa oili ikishuka. Kwenye hili ogopa zaidi ikipanda, na ikigusa X usisubiri kesho.

Kwa nini nabana muda namna hiyo wakati kitabu cha Japan kinaruhusu zaidi? Kwa sababu ya dizeli yenyewe. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki, Uganda ikiwemo, zilikubaliana dizeli isizidi salfa 50 katika kila sehemu milioni. Kabla ya hapo ilikuwa mbaya mno. Lakini Japan wako kwenye 10 tangu 2007, na gari hili liliundwa likinywa hiyo. Salfa huzaa asidi, asidi huichosha oili. Gari linaivumilia dizeli yetu, oili ndiyo inayolipa gharama.

La kuogopa zaidi kuliko salfa ni uchakachuaji na maji. Serikali imekuwa ikitia alama za siri kwenye mafuta tangu 2009 ili kuwakamata wanaochanganya na mafuta ya taa, na vituo vikubwa vyenye mauzo mengi kwa kawaida viko salama. Chagua kimoja Bombo na kimoja njiani, uwe mwaminifu kwao, na utunze risiti. Dizeli ya dumu na chupa za kando ya barabara waachie wenye trekta. Tairi lako linajazwa kwa mgandamizo wa baa mbili na kidogo; pampu ya gari hili inasukuma dizeli kwa baa 2,000, kupitia vitundu vyembamba kama unywele. Tone la maji likifika pale linafanya kazi ya patasi. Filta ya dizeli ibadilishwe kila kilomita 15,000, na iwe ya kweli, si ile inayofanana na ya kweli.

Kuna udhaifu mwingine wa injini hii ambao muuzaji hatakutajia. Masizi yanarudishwa ndani kupitia vali ya EGR na kuganda kwenye njia ya hewa mpaka inakuwa nyembamba kama koo lenye donda. Dawa ni kufungua na kukwangua, kazi ya siku nzima na mikono michafu. Mwaka 2018 Mazda wenyewe waliyaita gereji magari ya dizeli zaidi ya laki sita duniani, CX-5 zikiwemo, kwa tatizo la springi za vali na masizi yanayoganda. Kwenye tovuti ya Mazda ya Japan unaweza kuingiza namba ya chesisi ukaona kama gari lako lilishafanyiwa kazi hiyo. Kijana yeyote wa duka lako anayejua kutumia tafsiri ya simu atakusaidia. Halafu, chini ya kila nozeli kuna pete ndogo ya shaba. Ikivuja, gesi chafu inapenya na kuacha lami nyeusi kuzunguka nozeli, na uchafu ule unaweza kushuka kwenye oili ukaziba kichujio kilicho chini ya injini. Pete ni ya bei ndogo. Kupuuza pete si kwa bei ndogo.

Mengine ni mepesi. Gari liko juu milimita 210 kutoka chini, matuta na murram za kwetu hazitalitisha. Tafuta lenye rimu za inchi 17, si zile za 19 zinazong'aa. Tairi la ubavu mfupi na shimo la barabarani ni mke mwenza na mke mwenza. Filta ya hewa ikung'utwe vumbi kila mwezi wakati wa kiangazi. Vipuri vya mwili, bushi na breki, utavipata Kampala bila shida, lakini vya injini hii ya dizeli si kama vya Toyota ambavyo unaviokota kila kona. Kuna siku utaambiwa usubiri wiki. Betri ni ya aina maalumu kwa sababu ya ile i-stop, ukitia ya kawaida itakufa mapema. Kuhusu sheria ya 2018 inayozuia kuingiza magari yaliyozidi miaka 15, la 2014 bado lina nafasi, na likishasajiliwa sheria hiyo haikuhusu tena. Viti ni vitano tu. Wewe, baba watoto, na watoto watatu, mmejaa. Bibi wa Arua akitaka kurudi nanyi, mtu mmoja atapanda basi, na nadhani unajua atakuwa nani.

Basi jibu langu. Kama utaweza kweli kuupa mzunguko wa Wobulenzi nusu saa kila wiki, mvua inyeshe, duka lijae, na kama umeshampata muuzaji wa oili sahihi, linunue. Utalifurahia kwa miaka. Kama unajijua kwamba wiki ya tatu utasahau, kuna CX-5 hiyohiyo ya petroli ya lita mbili. Itapanda milima kwa kulalamika kidogo na itakula zaidi zile 75,000 za mwezi, lakini kilomita mbili za shule haitazihesabu kuwa dhambi. Mimi, kwa ratiba uliyoniandikia, ningechukua ya petroli. Mke wangu angechukua dizeli, kwa sababu amewahi kuendesha zote mbili mpaka Nebbi.

Ukishikilia dizeli, hakikisha kwanza ni dizeli unayoiona. Kwenye namba ya chesisi, ya dizeli huanza na KE2FW, au KE2AW kama inavuta magurudumu manne. Omba cheti cha kutolewa Japan, kina kilomita zilizosomwa lilipokaguliwa kule. Zilinganishe na zilizo kwenye deshibodi. Njoo na fundi mwenye mashine, si fundi mwenye masikio tu. Aiulize kompyuta gari limekuwa likichoma chujio kila baada ya kilomita ngapi: likiwa zima ni 200 hivi au zaidi, likichoma kila 60 au 80 kuna ugonjwa unafichwa. Mfunue kifuniko cha plastiki juu ya injini mtazame kama kuna lami nyeusi kwenye nozeli. Chomoa kijiti, sasa unajua cha kutazama.

Na uende mapema, bila kuwapigia simu kwamba unakuja. Injini hizi husema ukweli zikiwa baridi: inachukua muda gani kuwaka, inatetemeka vipi, moshi wa kwanza una rangi gani. Kabla hujaomba ufunguo weka kiganja juu ya boneti. Ukikuta ni ya moto saa mbili asubuhi, waulize ni nani aliyekutangulia kuliwasha, na kwa nini.